Meza ya Chai Upande wa Kushoto

Boti iliponunuliwa, nilinunuliwa nayo. Ndivyo nilivyojiona. Wenye boti wapya walipita wakigusa viti, maboya, usukani na birika, kisha wakanifikia mimi.

"Na huyu?" mke akauliza.

"Huyo ni wa chai," akajibu mzee aliyekuwa anauza. "Yeye haongei, ila chai yake inaongea."

Mume alikuwa ameendesha basi miaka ishirini, kwa hiyo watu wa gatini walimwita Dereva. Mke alikuwa fundi cherehani. Waliuza basi na vyerehani vitatu, wakabakiza kimoja, wakaingia kwenye kazi ya kuwapandisha wageni mtoni hadi kwenye miti yenye viota vya korongo na kuwarudisha.

Wiki ya kwanza mke wa Dereva, ambaye nilimwita mama, alishona vitambaa vipya vya viti. Mimi nilimtungia uzi. Alikuwa akishona huku akisema, "Nina wifi yangu kule nyumbani, hana kazi, na kupika anajua." Hakumalizia. Mimi nilijimalizia mwenyewe moyoni. Birika lile ndilo lililokuwa linatulisha mimi na mama yangu.

Siku moja kabla ya safari ya kwanza, aliitazama meza ya chai.

"Hii inafanya nini huku kushoto? Ndege wako kulia. Mtu anywe chai akiangalia ndege, si akiangalia matope."

Nilijua inafanya nini. Boti ile ni nyembamba, haipendi watu wote upande mmoja. Mzee alikuwa akikaribia miti anaagiza chai itolewe kushoto, ili nusu ya wageni wabaki huko. Wakati wa kurudi, miti ikiwa kushoto, chai inatolewa kulia kwa sinia. Wageni hawakuambiwa. Walikunywa tu.

"Mama," nikasema.

"Sema, binti."

"Hakuna kitu."

Nikampa bisibisi, akafungua skrubu zote, meza ikahamia kulia.

Kesho yake walikuja walimu thelathini na wawili, kumuaga mwenzao aliyestaafu. Dereva aliondoa boti dakika ileile iliyopangwa, akapiga honi mara mbili kama yuko stendi. Tulipofika kwenye miti, wote waliinuka na vikombe mkononi wakaegemea kulia. Boti ikalala taratibu, kama mtu anayetafuta mto wa kulalia. Vijiko vikakimbia mezani. Maji yakagusa ukingo wa sakafu. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Dereva alishika usukani kwa mikono miwili, na lililomtoka kinywani lilikuwa la basi.

"Abiria, sogeeni nyuma. Nyuma kuna nafasi."

Wakasogea nyuma, wote, kulekule kulia.

Mama akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza. Nikachukua birika, nikaipanda ile sakafu hadi kushoto, nikaweka sinia mahali meza ilipokuwa. Nikagonga birika kwa kijiko.

"Chai ya pili iko huku," nikasema. "Mje mmoja mmoja, ni ya moto."

Mwalimu aliyestaafu ndiye aliyekuja kwanza. "Chai ya pili sijawahi kuikataa maishani," akasema. Akafuata mwingine, na mwingine. Walipofika kumi na sita, boti ilikuwa imenyooka.

Wageni waliposhuka gatini, mama alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu jana, ulipokuwa unanipa bisibisi."

"Ndiyo, mama. Niliogopa utaniona najifanya mwenye boti. Halafu umlete wifi yako."

"Watu thelathini na wawili, binti," akasema. Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia birika.

"Wifi yangu chai yake ni maji ya kuoshea vyombo," akasema baadaye. "Nilikuwa nasema tu. Humu ndani sijui kitu hata kimoja, na wewe unajua vyote. Niliona aibu kukuuliza."

Tulirudisha meza mahali pake siku ileile. Dereva alishika skrubu mdomoni, akizitoa moja moja.

Asubuhi iliyofuata mama alisimama na mkasi mbele ya pazia la jikoni.

"Hili lina kazi gani? Sema kabla sijakata."

"Halina kazi, mama. Ni baya tu."

Akalikata. Kisha akageukia viti.

"Na vitambaa vyangu?"

Nikavuta pumzi. "Vinateleza."

Alikaa juu ya kimoja, akajisogeza, akateleza hadi ukingoni. Akabaki hapo akikitazama kile kitambaa cha maua, kazi ya siku sita.

"Tunga uzi," akasema.