Unga wa Bwana Ndege

Abdulrahim Athumani alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha meneja wa Tai Airways mjini Arusha, na alikikalia miezi minane tu. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizigo, kisha karani mkuu, miaka kumi na tisa akiwapimia Wazungu masanduku na kuwaandikia tiketi. Mwishoni mwa mwaka 1960, uhuru ukiwa unanukia, wakubwa wa kampuni waliokaa Nairobi waliona afadhali kiti kile apewe mwenyeji. Wakampa simu yake mwenyewe, na nyumba ya matofali kule Themi yenye bomba la maji jikoni. Mkewe, Mwanamkuu, ambaye maisha yake yote alichota maji kwa ndoo Kijenge, alilifungua bomba lile, akalifunga, akalifungua tena, kisha akakaa kitini akacheka peke yake.

Mwezi wa saba Abdulrahim alipanda ndege ndogo ya kampuni kwenda kukagua kiwanja cha ndege cha wawindaji, upande wa nyuma wa Mlima Meru, ambako misitu inakwisha na nyika ya Wamasai inaanza. Huko mvua ilikuwa haijanyesha vya kutosha kwa misimu mitatu. Mjini watu walijua kwamba kuna njaa, kama mtu anavyojua kwamba jirani yake anaumwa. Ndege ilipotua, aliona watu wapatao sitini wameketi pembeni mwa kiwanja. Hakuna aliyeinuka kuja kuitazama ndege.

Baadaye alikuja mwanamke mmoja, mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono. Jina lake Nalepo. Kiswahili chake kilikuwa kichache.

"Mmeleta?" akauliza.

"Kuleta nini, mama?"

"Chochote."

Abdulrahim alikuwa na chapati mbili na mayai ya kuchemsha, chakula chake cha mchana. Akampa. Nalepo akazikata chapati vipandevipande, akawagawia waliokuwa karibu, na alichobakiza kwa ajili ya wanawe wawili kingeenea katika kiganja cha mtoto. Rubani, Mwingereza mpole, alikuwa akikagua matairi. Aliyakagua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku ile meneja hakupata raha. Aliandika barua Nairobi: ndege inayokwenda kuwachukua wawindaji huwa tupu, basi iruhusiwe kubeba unga. Alijibiwa kwa heshima kwamba Tai Airways ni kampuni ya biashara. Akaandika tena, akajibiwa kwa heshima pungufu. Mara ya tatu hakuandika. Alipakia magunia manne asubuhi, rubani akajifanya hakuyaona, na ndege ikaenda. Safari ya nne bwana mmoja mwindaji alilalamika kwamba nguo zake zimejaa unga. Wiki iliyofuata alishuka mkubwa kutoka Nairobi, akamwambia Abdulrahim achague, unga au kazi.

"Na ukachagua," Mwanamkuu alisema jioni ile, kabla hajaambiwa.

"Nimechagua."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Mwanamkuu aliendelea kupanga vyombo kabatini. "Ningesema usifanye. Miaka kumi na tisa, baba Arafa. Mtu mzima huachaje mbachao kwa msala upitao?" Kisha akavitoa vile vyombo kabatini kimoja kimoja, akaanza kuvifunga kwa magazeti, maana nyumba ilikuwa ya kampuni. Mwisho wa wiki walikuwa wamerudi Kijenge, chumba na sebule.

Abdulrahim alifikiri kazi ngumu ilikuwa kuamua. Alizunguka kwa wenye maduka, akaenda msikitini, akaenda hata kwa akina mama wa Kilutheri, waliomkusanyia mahindi wakayasaga. Kisioki, Mmeru wa Kikatiti mwenye lori la kubebea ndizi, alikubali kuwapeleka. Waliondoka na magunia ishirini, wakauzunguka mlima siku nzima, na walipofika kwenye kile kiwanja watu walikuwa wamezidi mia mbili.

Alipika mwenyewe. Alikata pipa la mafuta, akalisugua kwa mchanga, akasonga ugali kwa mti mrefu huku jasho likimtiririka. Watu walikula. Watoto walikula hadi matumbo yakakaza kama ngoma. Bwana Ndege, ndivyo walivyomwita, alisimama akiwatazama, na moyoni mwake kulikuwa na furaha ambayo hakuipata hata siku ile alipopewa simu yake.

Kulipokucha watoto wanne walikuwa wamekufa. Mchana wakafa wazee wawili. Kesho yake, watoto watatu zaidi. Mmoja wao alikuwa yule aliyeshikwa mkono na Nalepo.

Nesi Hedwiga alifika siku ya tatu. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, mfupi, mwenye sauti kavu, aliyeacha likizo yake baada ya kusikia habari hizi kwa Kisioki, aliyerudi mjini kutafuta msaada. Alilitazama pipa.

"Nani amewapikia hawa ugali?"

"Mimi."

"Mtu aliyekaa na njaa miezi hapewi ugali, mzee. Hupewa uji mwepesi wenye maziwa, kijiko baada ya kijiko, siku nyingi. Mwili wake umesahau kula. Ukiushtua, unakufa."

"Sikujua."

"Najua hukujua," Hedwiga akasema, akavua viatu vyake vya mjini na kuanza kukagua watoto.

Abdulrahim alikwenda kwa Nalepo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, angeona nafuu. Mwanamke yule alikuwa akimnyonyesha yule mdogo, ingawa ziwa lilikuwa halina kitu.

"Nisamehe, mama. Ni chakula changu."

Nalepo alifikiri kidogo, akitafuta maneno. "Wengine wamekufa na njaa," akasema. "Yeye amekufa ameshiba."

Maneno hayo alikusudia yawe faraja. Abdulrahim alikwenda nyuma ya lori akakaa chini.

Hata hivyo hakuwaacha. Kwa miezi miwili alikuwa mtu wa kwenda na kurudi, akileta unga laini na maziwa ya unga, na Hedwiga akipima vijiko. Waliokufa wakawa wachache. Yule mdogo wa Nalepo alianza kushika vitu kwa vidole. Mwezi wa kumi kulikuwa na siku nane mfululizo ambazo hawakuchimba kaburi, na Hedwiga, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alisema akirudi kwao Kibosho atalala wiki nzima.

Kisha mvua ikaja, ile mvua iliyoombwa misikitini na makanisani. Ilinyesha kama iliyokuwa na hasira. Abdulrahim alikuwa mjini siku hizo, akikusanya shehena. Lori lilipopita Kikatiti na kuiacha barabara ya Moshi, lilikuta daraja la kwanza limeondoka, na nguzo zake pia. Walisubiri siku tano mto upungue. Uliongezeka.

Akarudi Arusha, akaingia ofisi za Tai Airways akiwa na matope hadi magotini. Kwenye meza yake ya zamani alikuwa Philemoni, kijana wa Machame ambaye Abdulrahim mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Philemoni alisimama upesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka ndege moja, Philemoni. Mara moja tu."

"Kiwanja kile ni ziwa sasa. Rubani amepita juu, ameona."

"Sitaki itue. Ishuke chini, tudondoshe mifuko."

Philemoni alifunga mlango. "Ndege zote mbili zimekodiwa. Wageni wa sherehe za uhuru, hadi mwezi ujao. Nikiitoa moja leo, kesho sina kazi, na keshokutwa yuko hapa mtu asiyekufahamu kabisa." Akainamisha kichwa. "Mzee, wewe ulikuwa hapa. Mwezi wako wa kwanza, angekuja mtu kama wewe, ungempa?"

Abdulrahim alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amesali Alfajiri ile, na ulimi ulimkatalia.

"Nisingempa," akasema, akatoka.

Walikwenda kwa miguu, yeye na Kisioki na vijana wanane wa Kimeru, kila mmoja na mzigo kichwani. Walipita juu, kwenye misitu ya mlima, ambako mito ni myembamba na mtu anaweza kuivuka akishikilia mizizi. Siku nne. Mvua haikuacha. Walipofika, unga katika mifuko mingi ulikuwa umeshikana na kuanza kuchacha.

Mahali pale palikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimeota, kijani kibichi, zimefika magotini, na ng'ombe wa kuzila hawakuwepo. Hedwiga alikuwa ameketi chini ya turubai, macho ya njano, akitetemeka kwa homa. Alikuwa na watu kumi na mmoja.

"Wengine?" Abdulrahim akauliza.

"Maziwa yalikwisha wiki mbili zilizopita. Kisha homa ikaja na hii mvua." Alionyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Wenye nguvu waliondoka. Sijui walielekea wapi."

"Na Nalepo?"

"Aliondoka nao. Mtoto alikuwa mgongoni. Alikuwa hai wakati wanaondoka. Zaidi ya hapo sikudanganyi."

Ulikuwa umebaki wiki moja na ushei uhuru upatikane. Abdulrahim alifungua mifuko mmoja mmoja, akanusa, akatupa, hadi akapata miwili iliyofaa. Akawasha moto kwa shida, akapika uji mwepesi kama maji, akaanza na mzee mmoja aliyelala karibu na mlango wa turubai. Mzee aliupokea ule uji mdomoni, akauweka humo bila kuumeza, kisha ukatiririka wote shavuni. Abdulrahim akamfuta kwa kanzu yake, akachota kijiko kingine.