Bihogo Hayupo Kundini

Uwimana alirudi kutoka mji wa Golden Valley, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, akavua viatu mlangoni na kuketi na koti lake mwilini. Jioni hiyo wageni walikuwa wanakuja, kama walivyokuja kila Jumamosi kaka yake Ntwali alipokuwa hai. Tangu wamzike, hakuna aliyecheza kwenye meza ile.

Mchezo wenyewe ni wa kusimulia: mmoja anaongoza hadithi, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, dadu zinaamua kama wamefaulu. Ntwali ndiye aliyeongoza. Nchi ya makauboi, vumbi, bastola, na ng'ombe wanaoswagwa kwenda kaskazini. Sasa walimwomba dada yake ashike nafasi hiyo. Byamungu, mmoja wa wachezaji, alisema kwenye simu kwamba leo ikishindikana, basi waache. Uwimana alijua maana yake: hakuna atakayebisha hodi tena hapa Fridley, mji huu wa ugenini.

Alihitaji chambo. Ndivyo Ntwali alivyokiita kisa kidogo cha kuwatoa wachezaji kambini.

Walipokwisha kumiminiwa chai, akaanza. "Kuna treni imebeba dhahabu."

"Ya nani?" Byamungu akauliza.

"Ya benki."

"Basi benki iilinde."

Nahashon, nesi Mkenya aliyefanya kazi na Ntwali, akacheka. "Dada, mimi nimetoka shifti sasa hivi. Usinitume tena kazi ya wenyewe."

Akajaribu jambazi anayesakwa na sherifu. Binamu yake Uwase akapiga mwayo. "Dada Uwimana, huyo jambazi ametukosea nini sisi?"

Chai ikapoa. Byamungu akaanza kukusanya dadu zake. Uwimana akakitazama kiti ambacho wote walikikwepa, na hapo akakumbuka siku ya kwanza. Ntwali aliwaambia wapeleke kundi machinjioni. Byamungu na Uwase, watoto wa wafugaji wa Kivu Kusini, wakagoma kabisa. Wakataka kwanza majina ya ng'ombe na rangi zao. "Makauboi gani ninyi!" Ntwali alicheka mpaka machozi, kisha akawapa majina yote.

"Asubuhi mmehesabu kundi," Uwimana akasema polepole. "Bihogo hayupo."

Mkono wa Byamungu ukasimama. "Bihogo yule mwenye mimba?"

"Huyo huyo."

"Na mzee Tabaro alikuwa wapi?" Uwase akauliza.

Tabaro alikuwa mchungaji wa kundi lao mchezoni, na Ntwali alikuwa akimsemea kwa sauti nzito ya kuchekesha. Uwimana angeweza kusema mzee amelala kando ya moto. Angeiga sauti ile Jumamosi hii, na ijayo, na nyingine. Alichoka hata kuwaza hilo.

"Alitoka kumtafuta," akasema. "Mtaikuta fimbo yake ukingoni mwa mto. Yeye hamtamkuta."

Nahashon akavua kofia, akaiweka magotini.

"Fimbo tunaichukua," Uwase akasema. "Bihogo anaijua."

Byamungu akazirudisha dadu mezani, moja moja. "Haya, dada. Nyayo za ng'ombe wetu zinaelekea wapi?"

Uwimana akasimama, akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti cha Ntwali. Kisha akakikalia.

"Zinavuka mto," akasema.