Mtani wa Baba Noeli

Tangu saa nane mchana Larissa alikuwa ameuawa mara ishirini na tatu, na mara zote aliuawa na vibwengo wenye kofia nyekundu. Mmoja alimtupia sanduku la zawadi lililolipuka. Mwingine alimnyonga kwa taa za mti wa Noeli huku kengele zikilia kwa furaha. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, msusi wa nywele, mjane wa miezi mitano, amevaa nyeusi ya msiba toka kilemba hadi viatu, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka la simu huko Greyville, Durban, anauawa na vibwengo. Ukiambiwa usicheke, utacheka tu. Yeye hakucheka.

"Shemeji, bonyeza hiki cha kulia," alisema Yeremia, fundi simu wa duka. "Hicho ni cha kuruka. Unarukaruka tu kama chura."

"Minajua."

"Hujui, shemeji. Nipe mimi."

Hakumpa. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na robo. Ikifika kumi na mbili kamili, sauti ya mumewe ingefutika duniani.

Josias, mumewe, alikuwa mlinda magari kwenye maegesho ya South Beach, na Jumapili aliimba besi kanisani. Kicheko chake kilitikisa vioo. Siku moja vijana wawili waliokuja kuegesha walikisikia, wakamwita ofisini kwao karibu na bandari, ghorofa ya tatu, wakamfungia kwenye chumba cha kurekodia chenye magodoro ukutani. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi: Baba Noeli ameingiwa na wazimu, anagawa mabomu badala ya zawadi, na mchezaji anapanda kiwanda chake ghorofa baada ya ghorofa kwenda kumuua. Walitaka mtu wa kucheka, kutukana na kufa. Josias alikufa siku mbili nzima, kwa namna zote anazoweza kufa mtu, akalipwa, akarudi nyumbani sauti imemkauka. Mchezo ulikuwa na jina lake la Kiingereza, lakini dukani wote waliuita Noeli ya Bunduki.

"Na mwisho kabisa," alimwambia mkewe akinywa chai ya tangawizi, "bale batoto banasema, papa, sema maneno yako ya mwisho, luga yoyote. Basi nimekutia mule, Lari. Siku mutu ataniua, utajisikia."

Larissa hakutaka kusikia. Mchungaji alikuwa ameshaukemea mchezo ule madhabahuni, na mke wa mwanakwaya ana aibu zake. Alimjibu mumewe kwamba mwanamume mzima hafi kwa mshahara. Neno hilo sasa lilikuwa limemkwama kooni, halimezeki, halitemeki.

Maana Julai Josias alikufa kweli. Moyo ulisimama palepale kwenye maegesho, saa sita mchana. Alikuwa amempigia mkewe simu mara mbili, na Larissa alikuwa saluni, mikono imezama kwenye kichwa cha mteja, rasta zimefika nusu. Hakushika. Kusema haki, hakuwahi kushika hata siku moja. Josias alipiga kila siku saa sita, naye kila siku aliiacha ilie, halafu jioni waligombana kwa utani, wakacheka, wakala. Ndiyo ilikuwa ndoa yao. Lakini siku ile haikuwa ya utani, na tangu hapo alijiuliza swali moja asubuhi na jioni: alitaka kuniambia nini?

Simu ya Larissa, na zile sauti zote Josias alizomtumia akiwa kazini, ilipokonywa mkononi mwake wiki ya pili baada ya maziko, akisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani avuke. Sauti ya Josias ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya Baba Noeli, juu kabisa ya kiwanda. Kisha wachezaji wa ng'ambo wakalalamika kwamba mzee anakufa kwa lugha isiyoeleweka. Wenye mchezo wakatangaza: mkesha wa Noeli, saa kumi na mbili jioni, tunaweka sauti mpya ya Kiingereza. Yeremia alitafuta video mtandaoni. Wote waliojirekodi walikuwa wakipiga kelele zao au wameweka muziki juu. Alikwenda mpaka ofisini. Mlinzi akamwambia wamefunga hadi Januari. Na kuzima mtandao kusingesaidia, mchezo haufunguki bila mtandao.

Huyu Yeremia alikuwa Mha wa Kigoma, kando ya ziwa. Josias alikuwa Mbembe wa Baraka, upande wa Kongo, ng'ambo ya pili ya ziwa lilelile. Walipokutana Durban walijitangaza watani bila kumwuliza babu wa yeyote. Na mtani hana adabu kwako. Ukifa, kazi yake ni kufanya vituko msibani ili wafiwa wapate pumzi. Yeremia aliifanya. Siku ya maziko alivaa koti la kung'aa la marehemu, akasimama na filimbi kwenye geti la kanisa, gari la jeneza likiingia: "Rudi nyuma, mzee! Rudi, rudi, kata kulia! Hapohapo! Lala bila wasiwasi, nitakulindia!" Wakongomani walikasirika. Séverin, mwenye duka na shemasi wa kanisa, alikunja ngumi. Larissa peke yake ndiye aliyecheka, na hajacheka tena tangu siku hiyo.

Saa kumi na moja kasoro alikufa mara ya thelathini na moja. Akampa Yeremia rimoti.

Yeremia aliegemeza simu yake kwenye kopo la biskuti, tayari kurekodi, akaanza kupanda. Alikuwa stadi. Vibwengo walipasuka kama nyanya. Aliua swala wa pembe ndefu mwenye pua ya kutema risasi, akaua mtu wa theluji mwenye shoka, na damu ilipomwagika iligeuka kuwa peremende za mistari. Wimbo wa watoto ulikuwa ukiimbwa muda wote.

Séverin alifunua pazia. Pazia hilo lilikuwa la kumficha Mchungaji asijue kwamba shemasi wake anakodisha mchezo ule kwa saa.

"Maman Larissa, pole. Saa kumi na mbili mi nafunga. Iko veillée ya mkesha wa Noeli kanisani, na mi ndo niko na funguo."

"Papa Séverin, nakuomba. Tunakaribia."

"Saa kumi na mbili," alisema, lakini hakuondoka. Alibaki ameshika pazia.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano mlango wa ghorofa ya mwisho ulifunguka. Kiti kikubwa chekundu kilikuwa kimegeuzwa mgongo. Halafu kikaja kicheko.

Larissa alisimama. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake, hakukisikia. Kilikuwa chenyewe, kile cha kuanzia tumboni na kumalizikia kwenye kikohozi. Miezi mitano.

Rimoti ilimlegea Yeremia mikononi. Baba Noeli alimlipua bila hata kuinuka kwenye kiti, naye akarudishwa chini ghorofa nzima. Alipanda tena, akafika, akasikia kicheko, akaweka rimoti magotini.

"Siwezi, shemeji. Huyu tumekula naye sahani moja. Nitampigaje risasi?"

"Saa iko ngapi?"

"Kumi na moja na arobaini na nane."

Larissa alimgeukia. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Yeremia kuliko machozi. "Wewe ni nani kwake?"

"Mtani wake."

"Basi fanya kazi ya mtani. Siyo miye. Miye mke, sina ruhusa ya kumucheka. Weye uko nayo."

Yeremia alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi. Halafu akapaza sauti kama siku ile kanisani: "Rudi nyuma, Mbembe! Leo hakuna pa kuegesha! Rudi, rudi, kata kushoto!" Akafyatua.

"Aïe, mgongo yangu!" alilia Baba Noeli.

Juu ya kioo kulikuwa na mishumaa kumi na miwili ya kuhesabu uhai wake. Mmoja ulizimika.

"Umezidi kula muhogo, hata risasi zinarudi!"

"Mama ee! Muniue polepole, nimetoka kula!"

Larissa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, ngumi mdomoni. Huo mgongo aliukanda yeye kila Jumamosi. Kila risasi ilimuuma na kila risasi ilimpa neno moja zaidi la mumewe, naye aliyataka yote. Mishumaa saba. Minne. Miwili.

"Simama!" alipiga kelele. "Shemeji, uache kwanza!"

Mshumaa mmoja. Baba Noeli aliegemea kiti chake, akihema. Pumzi zile zilikuwa za Josias aliyelala ubavu. Ndani, nje. Ndani, nje.

"Iko anapumua," Larissa alisema. "Tumwache hivi."

"Shemeji, ni dakika nne."

"Nimesema iko anapumua!"

Séverin alikohoa pale penye pazia. Aliitazama saa ya ukutani. Ndani, nje. Ikabaki dakika tatu, ikabaki mbili. Yeremia alimwekea rimoti mikononi, taratibu.

"Mtani anachimba kaburi," alisema. "Lakini udongo wa kwanza anautupa mwenye msiba. Cha kulia, shemeji."

Larissa alitafuta kitufe kwa kidole gumba. Akakipata. Akafumba macho, akabonyeza.

Alipoyafumbua, Baba Noeli alikuwa amepiga magoti, kofia imeanguka. Aliinua mkono wenye damu, akauweka sikioni kama mtu anayepiga simu. Pengine Josias alifanya hivyo mbele ya wale vijana, nao wakachora walichokiona.

"Allô? Lari?" Akasubiri. "Haushike. Bon, najua." Akacheka kidogo, kicheko cha jioni, cha chakula. "Ukiona niliita, usikimbie. Malizia kwanza kichwa ya mutu, usimwache nusu. Haina shida, mama. Nitakungoja."

Kioo kikawa cheusi. Halafu maandishi meupe yakatokea, na mstari wa kijani ukaanza kujaa kutoka kushoto. Saa kumi na mbili.

Yeremia aliirukia simu kwenye kopo la biskuti, akaitazama, akajishika kichwa. Kwa matusi yale yote alikuwa amesahau kubonyeza. "Shemeji. Shemeji, nisamehe. Haikurekodi."

"Iache," Larissa alisema. "Nilisikia."

Séverin alikuwa amevua kofia na hakuwa akitazama saa. Mstari wa kijani ulifika nusu. Larissa aliinua rimoti, ambayo bado ilikuwa na joto la mikono yao wawili, akaiweka sikioni.

"Allô," alisema. "Josi, nimeshika."