Kithembe cha Mama Miradie

Mchungaji Fanuel alipokubali hatimaye kutoa ukumbi wa kanisa, akina mama wa Barking, mashariki mwa London, walishusha pumzi. Wiki mbili nzima alikuwa akisema kwamba kanisa si mahali pa kumkumbuka mwanasiasa wa Marekani ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Kilichomlainisha ni maelezo ya Anastasia, kiongozi wa kikundi chao. Shirley Chisholm, aliyefariki siku ya mwaka mpya wa 2005, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, na humo alipigania watumishi wa majumbani nao walindwe na sheria ya kima cha chini cha mshahara. Mchungaji aliwatazama wanawake waliosimama mbele yake. Karibu wote walisafisha ofisi au kutunza wazee wa watu. Akasema Jumamosi ukumbi ni wao.

Furaha ya Émilienne, mmoja wa akina mama hao, haikufika hata mlangoni, kwa sababu Anastasia alimteua yeye azungumze.

Émilienne, ambaye wote walimwita Mama Miradie, alikuwa mwalimu huko Bukavu, Kongo. Mwaka 1998 askari walitaka kulala katika madarasa ya shule yake. Alisimama mlangoni akawauliza watoto wataenda wapi, na mmoja wao akampiga taya kwa kitako cha bunduki. Taya liliunga vibaya. Tangu hapo kila "sa" yake ilitoka "tha", na alipofika London alijizoesha kunyamaza. Kanisani aliimba kwa midomo tu. Kwa daktari na kwenye ofisi za serikali, aliyesema ni bintiye Miradie, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne.

Basi alimwomba binti huyo amsomee hotuba. Miradie alielewa Kiswahili chote, lakini kama kawaida yake alijibu kwa Kiingereza, kwamba hatasoma. Émilienne alimwambia kwa hasira kuwa yeye hajui uchungu wa kuchekwa ukubwani. Kesho yake Miradie alipitia maktaba baada ya shule, akarudi na karatasi alizotoa fotokopi, akaketi kitandani karibu na mama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alisema Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Mama, huyu Shirley alikuwa na kithembe. Wameandika hapa. Alisema vile unasemaka."

Émilienne alimtaka arudie. Halafu akamtaka amsomee zote, hadi pale ambapo Shirley, mwaka 1972, aliomba chama chake kimteue kugombea urais, huku watu wakimcheka.

Jumamosi walikuja watu kama sitini. Émilienne alisimama, na neno la kwanza kwenye karatasi yake lilikuwa jina lenyewe, Shirley. Likamtoka limepinda. Alijaribu tena, likapinda vilevile. Akaweka karatasi juu ya kiti.

"Taya langu lilivunjwa na mtu ambaye hakutaka niseme," alisema. "Miaka saba nimemtii. Leo basi."

Baada ya hapo hakukumbuka vizuri alichosema, ila walimwambia alizungumza dakika ishirini. Aliwaeleza maisha ya Shirley kama alivyokuwa akieleza somo darasani, akiuliza maswali na kungoja majibu, na wanawake wa nyuma waliitikia. Mchungaji, aliyekuwa amekaa karibu na mlango ili aondoke mapema, hakuondoka.

Walipomaliza kuomba, Anastasia alimshika mkono. Alisema wamesafisha jengo moja kwa miaka mitatu bila yeye kujua kwamba huyu ni mwalimu. Kisha akamwomba Jumatatu aende naye kwa msimamizi wao, aliyekataa kila mara kuwapa glavu za kushikia dawa za choo. Émilienne alikubali kabla hajapata muda wa kuogopa.

Ndipo alipohisi njaa. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni. Kwenye meza ya chakula alijipakulia fufu ya unga wa muhogo na sombe ya kisamvu, akaketi kando ya Miradie, akala sahani mbili, na kila aliyepita kumpongeza alimjibu kwa sauti, chakula kikiwa bado mdomoni.