Malaria ya Mejumaa

Hodi ya tatu ilipopigwa, Mejumaa alikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Hakufungua.

"Ni mimi, mwanangu. Nimekuletea uji."

Kisha Bi Mwanakombo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akakohoa. Kikohozi kizito, cha mafua ya wiki nzima. Mejumaa akarudi nyuma hatua mbili.

Ilikuwa siku ya nne tangu atoke hospitali, baada ya dripu za kwanza za saratani ya damu. Maneno ya daktari aliyahifadhi kama sura ya Kurani: dawa hii yaua ugonjwa, na yaua kinga ya mwili pia. Kwa wiki mbili asishikane mikono na mtu, asikae na mwenye mafua. Akipata homa, arudi saa ile ile.

Lakini ni yeye mwenyewe aliyemsihi mumewe, Sufyan, awaambie watu ni malaria. Alilihofu lile neno jingine. Na mtaani kwao Kibokoni, malaria ni mwaliko. Asiyekwenda kumzuru mgonjwa husemwa mpaka ahame. Siku tatu Sufyan alisimama mlangoni akiwaambia wageni amelala. Leo ameingia zamu bandarini.

"Malaria gani ya kufungiana milango?" Bi Mwanakombo aliuliza. "Au ni mimba, waona haya? Sema nikuletee ndimu, uji niunywe mwenyewe."

Mejumaa alikaribia kucheka. Ya Rabbi, nipe ulimi.

"Bi, nakuomba usiingie."

"Wanifukuza? Mimi niliyekupaka hina ya harusi?"

Mlango ukasukumwa. Komeo lilikuwa kuukuu, likalia.

"Si malaria," Mejumaa alisema. Sauti ikamkatika, akaanza upya. "Ni saratani ya damu. Hicho kikohozi chako chaweza kuniua."

Mlango ukaachiliwa.

"Inna lillahi..." Bi Mwanakombo alianza, kisha akaimeza. Lakini Mejumaa alikwisha kuisikia ile dua ya msibani, ikisomwa kwa ajili yake, naye yu hai amesimama.

"Nisamehe, mwanangu. Ulimi umeteleza." Sauti sasa ilitoka mbali, ng'ambo ya kichochoro. "Nani mwingine ajua?"

"Sufyan tu."

"Basi keti. Mimi nakaa barazani huku ng'ambo."

Haukupita muda, wanawake wengine wakafika, wakisema wamekuja kumzuru mgonjwa.

"Haingii mtu," Bi Mwanakombo aliwaambia, wala hakushusha sauti. "Ana saratani ya damu. Nendeni mkamwombee makwenu."

Mejumaa alisikia nyayo zao zikirudi zilikotoka, na mmoja wao akilia. Akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, akafungua viganja. Kuomba apone aliogopa, aliona ni kitu kikubwa mno. Akaomba aione kesho tu.