Sanduku la Bwana Thwaite

Bwana Thwaite alishuka kwenye treni, akaweka sanduku lake chini, akaanza kutembea. Hakugeuka. Mikono nyuma, kofia sawasawa, vilevile alivyotembea miaka yote aliyokuwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza kule Malaya, akijua sanduku litafuata.

Kule lilifuata siku zote, kichwani mwa mpagazi. Lakini hapa ni Devon, Uingereza, jamani, mvua inanyesha, na aliyesimama kando ya sanduku ni Hilary, binti yake wa pekee. Mzee alifika langoni mwa stesheni ndipo akagundua yuko peke yake.

"Baba!" Hilary aliita. "Unadhani nani atalibeba?"

Akarudi. Alikuwa amestaafu, bendera imeshushwa, mkewe kazikwa kulekule, nyumba ya serikali ameirudisha. Hakuwa na pa kwenda ila kwa Hilary, na Hilary alikuwa amemwambia tu: njoo, tutaona.

"Samahani. Mazoea."

"Mazoea! Mimi nilibeba langu nikiwa na miaka saba. Ulinipandisha meli nije huku shuleni, ukanipa mkono kama karani anayehamishwa, ukaenda zako kusikiliza kesi."

Ilikuwa kesi ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Aliikumbuka vizuri, pande zote mbili. Uso wa mtoto siku ile hakuukumbuka. Alijipapasa moyoni aone kama anaumia, akakuta ganzi tupu. Basi akafanya alilolijua: akainamisha kichwa kidogo, akangoja mlalamikaji amalize.

"Usinifanyie hivyo," Hilary alisema. "Mimi si watu wako wa mahakamani. Sema neno!"

Alitaka kulisema, Mungu shahidi. Akainama, akanyanyua sanduku. Kumbe lilikuwa zito. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua uzito wake.

Walipanda kilima, Hilary mbele, mzee nyuma akibadilisha mkono. Nyumbani Hilary alibandika birika jikoni, akatoa vikombe viwili, akaketi. Bwana Thwaite alibaki amesimama, kofia ikidondosha maji sakafuni, sanduku bado mkononi.

"Hilary," alisema hatimaye, taratibu. "Niliweke wapi?"

Hilary alitazama ngazi za kwenda chumba cha juu, kisha akautazama mlango wa kutokea nje. Birika likaanza kupiga mluzi, na hakuna aliyeliepua.