Kati ya "Rarely" na "Never"

Apoline hakukosea Kiingereza. Tuelewane hapo kwanza, maana kambini Nyarugusu watu wana midomo, na wengi waliomsema hata salamu ya Kiingereza inawashinda.

Mwalimu wake alikuwa Ernesta, binti wa Kasulu mjini, Muha asiyejua kubembeleza mtu. Siku ya kufundisha maneno ya kusema jambo hutokea mara ngapi, alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa akaandika "always", siku zote. Ikafuata "usually", kwa kawaida. Kisha "often", mara nyingi, na "sometimes", mara mojamoja. "Rarely" akasema ni kama nyama kwenye sufuria ya mkimbizi, na darasa zima likacheka. "Never" akaiandika chini, nje ya ngazi.

"Ukisema 'rarely', jambo lipo, hata kama ni la nadra," alisema. "Ukisema 'never', halipo kabisa. Msije mkayachanganya hayo mawili."

Apoline aliyashika kuliko wote, na alikuwa na sababu. Aliitwa kwenye usaili wa kuhamia nchi ya mbali, yeye, binti yake Benita na mama mkwe wake Sophie. Hakutaka kitu kingine duniani ila Benita akulie mahali ambapo hakuna atakayemwambia arudi kwao. Huko kwao Fizi, ng'ambo ya ziwa, ndiko mumewe Wilondja alikorudi kumtafuta mdogo wake, Benita akiwa bado ananyonya. Tangu hapo hakuna simu, hakuna salamu, wala mtu aliyemwona.

Siku ya usaili, hemani, afisa, mzungu mpole tu, alimuuliza kwa Kiingereza: huwa unawasiliana na mume wako mara ngapi? Mkalimani, kijana Mkongomani aitwaye Cadet, alikaa pembeni tayari kusaidia.

Jibu alikuwa nalo mdomoni: "never", hakuna kabisa. Lakini katika ukoo wa Wilondja, mtu ambaye maiti yake haijaonekana hasemwi kwamba hayupo tena. Mke akitamka hivyo, ndiye aliyemzika, na watu wanakaa matanga siku hiyohiyo. Sasa niambieni, mke gani atamzika mumewe ndani ya hema, mbele ya mgeni anayekunywa maji ya chupa?

"Rarely," Apoline akasema.

Cadet akashtuka. "Mama Benita, una hakika?"

"Nimesema."

Haya! Afisa akaeleza kwamba kama baba wa mtoto anapatikana, hata kwa nadra, basi ni lazima aridhie mtoto aondoke. Aletwe, au safari isimame. Aletwe kutoka wapi, jamani?

Kambi ikapata la kusema: ndiyo Kiingereza cha ukubwani hicho. Ernesta naye akaja mbio mpaka nyumbani kwake, amefura. "Mama Benita, nilikufundisha nini mimi?"

"Nilijua, mwalimu. Nilijua yote mawili. Moja lilinishinda kutamka."

Ernesta akaelezwa mila ya ukoo. "Basi jikaze ulitamke," akasema. "La sivyo mtoto atabaki hapahapa." Akahangaika huku na huku mpaka usaili wa pili ukapatikana.

Asubuhi ya usaili huo Apoline alimsuka Benita nywele. Alijiambia kwamba mtoto aliye hai ndiye wa kumwangalia kwanza. Uchungu aliokuwa nao, acheni tu. Hemani, swali lilelile halijaisha akajibu, "Never." Akarudia, "Never, never," machozi yakimtoka.

Afisa akapekua majibu ya mwanzo. "Mara ile ulisema mnawasiliana. Leo unasema hamwasiliani kabisa. Uongo ni upi?"

Akaeleza habari za ukoo, maiti na matanga, na Cadet akatafsiri yote bila kuruka neno. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole. Kisha akasema majibu yanayopingana hayapokelewi, na hakuna usaili wa tatu. Majina yao yameondolewa.

Nyumbani alimkuta Sophie mlangoni, ungo wa maharage mapajani. "Bamekuulizia mutoto wangu?"

"Wameuliza, mama."

"Na umebaambia nini?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka, na safari ya kuilinda haikuwepo tena. "Nimewaambia hayuko."

"Haiko hapa, ao haiko tena?"

"Haiko tena, mama."

Sophie hakumgombeza. Aliweka ungo chini, akavua kilemba, akaketi mavumbini na kuanza kumlilia mwanawe kwa jina. Majirani wakaja wakijifunga vitenge viunoni. Hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Apoline naye akavua kitambaa kichwani, akaketi kando ya mkwewe.

Benita akapenya katikati ya watu, akamvuta mama yake mkono. "Nani amekufa?"

"Baba yako."

"Amekufa lini?"

"Leo asubuhi," Apoline akamjibu.